Grauti ya nyumbani: linganisha sponji kabla ya kulinganisha mwiko

Mtu akiamua kujaza grauti mwenyewe, yaani ule mchanganyiko unaoziba jointi (nafasi kati ya kigae na kigae), swali analoingia nalo dukani huwa moja: ninunue mwiko upi wa kupakia? Mimi pia niliuliza hivyo nilipokuwa natengeneza bafu letu la Tabata, chumba kidogo cha mita 2 kwa mita 1.5. Muuzaji alinishushia miko mitatu kutoka rafuni. Nikabonyeza raba ya mmoja baada ya mwingine, nikapima mipini mkononi, nikachukua ule wa bei ya juu. Kuhusu sponji sikuwaza. Nilitumia ile ya kuoshea vyombo iliyokuwa jikoni.

Mwiko ule haukunikosea hata kidogo. Sponji ndiyo iliyoniharibia kazi. Ilizama kwenye jointi ikachota grauti mbichi, ikaacha mifereji karibu nusu ya sakafu, na juu ya vigae ukabaki ukungu mweupe wa grauti niliokuja kuusugua siku mbili. Mjomba wangu ni fundi tailizi wa miaka mingi. Alipokuja kuona aliinama, akapitisha kidole kwenye jointi, akasema: "Mwanangu, kupaka umepaka vizuri. Kuosha ndiko kulikokushinda."

Baada ya bafu lile nimejaza jiko, baraza na bafu la dada yangu, na kila mara naona ukweli wa maneno yake. Kupaka kunasamehe. Ukikosea unarudia palepale, grauti ingali laini. Kuosha hakusamehi, kwa sababu saa inakwenda na saruji inakaza. Basi ukiwa na fedha kidogo ya vifaa, nakushauri uigawe kwa kufuata hatari hiyo.

Kwanza pima jointi

Kabla ya kulinganisha kifaa chochote, chukua rula upime upana wa nafasi kati ya kigae na kigae. Chini ya milimita 3 unahitaji grauti laini isiyo na mchanga, kwa sababu chembe za mchanga haziingii vizuri kwenye ufa mwembamba. Kuanzia milimita 3 kwenda juu, grauti yenye mchanga hukaa imara zaidi, maana ile laini tupu husinyaa na kupasuka ikijazwa kwenye nafasi pana. Vigae vya kioo na marumaru iliyong'arishwa ni suala jingine: mchanga unavichubua, hivyo usiupitishe juu yake hata kama jointi ni pana, labda uwe umejaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Saruji nyeupe tupu iliyochanganywa na maji ni ya bei nafuu, na mafundi wengi bado wanaitumia. Siipendekezi bafuni. Haina viungo vinavyopunguza kusinyaa na kunywa maji, kwa hiyo hupasuka nyufa ndogo na kushika uchafu upesi. Tofauti ya bei kwa bafu dogo ni ndogo mno kuliko kazi ya kuja kuitoa.

Ipo pia grauti ya epoksi, inayotumia gundi ngumu badala ya saruji, isiyonywa maji wala mafuta. Ni nzuri sana nyuma ya jiko la kupikia. Lakini inakaza upesi, na kwenye joto la Pwani inakaza upesi zaidi. Ukungu wake ukikauka juu ya kigae, kuutoa ni mateso. Kama hii ni kazi yako ya kwanza, anza na grauti ya saruji. Epoksi ifanye ukiwa umeshazoea kuosha.

Vifaa vya kupakia

Hapa watu wa mtaani tuna vifaa vingi kuliko vinavyoning'inia dukani, na vingine si vibaya.

Kipande cha ndala kuukuu ndicho kifaa cha kwanza nilichomwona mjomba akitumia nikiwa mtoto. Unakata soli iwe mstatili wa kuenea kiganjani, ukingo uwe umenyooka, basi. Kinasukuma grauti ndani vizuri kwa sababu mpira wake unajikunja kidogo kufuata uso wa kigae. Kwa eneo dogo, kwa mfano ukuta ulio nyuma ya sinki, au mahali pa kubana kama nyuma ya choo ambako mwiko hauingii, bado nakitumia leo. Udhaifu wake unaonekana kwenye kukwangua: ndala ni laini, haitoi ziada yote, kwa hiyo inakuachia kazi kubwa ya kuosha. Nawe sasa unajua kuosha ndiko kwenye hatari. Ukitumia ndala kwenye sakafu nzima, unahamisha mzigo kutoka mkono ulio salama kwenda ule usio salama.

Skrepa ya chuma, ile ya kupakia puti ukutani, ni kinyume chake. Inakwangua safi sana. Ila chuma huchubua uso wa kigae na huacha mistari ya kijivu isiyotoka kirahisi, hasa kwenye vigae vyeupe visivyong'aa. Skrepa ya plastiki inavumilika kwenye kona. Ya chuma iache ikatoe gundi iliyomwagika.

Raba ya kusukumia maji sakafuni, yenye mpini mrefu, ina watetezi wake. Grauti ikichanganywa iwe nyepesi kiasi, mtu anaweza kuisambaza akiwa amesimama na kumaliza sebule haraka. Kwa mwenye mgongo mbovu nauelewa mvuto wake. Lakini raba ile haisukumi kwenda chini, inapitisha tu juu. Jointi zinaonekana zimejaa kumbe chini kuna uwazi, na baada ya wiki chache kifuniko hicho chembamba kinaanza kubonyea na kumeguka. Nyumba niliyokwenda kurekebisha baraza lake ilikuwa hivyo hivyo: ukichokonoa kwa msumari, grauti ilikuwa na unene kama ganda la yai.

Mwiko wa mpira, wenye bapa la raba na mpini juu yake, unashinda vyote hivyo kwa sakafu na kuta za kawaida. Ukiuinamisha kiasi cha nyuzi 45 unasukuma grauti ndani kwa nguvu; ukiusimamisha wima karibu nyuzi 90, ukingo uleule unakuwa kikwanguo cha kutolea ziada. Kazi mbili kwa kifaa kimoja. Jambo la kuangalia dukani ni raba, wala si mpini wala rangi. Bonyeza kwa kidole gumba: ibonyee kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama plastiki haitafuata uso wa kigae, ingawa kwa epoksi, ambayo ni nzito, ngumu ndiyo inayotakiwa. Ukingo uwe umenyooka bila pengo, kwa sababu pengo dogo litachora mstari wa grauti kwenye kila kigae utakachopita. Mwiko wa kati wenye raba nzuri unafanya kazi sawa na ule wa gharama niliounyakua siku ile.

Namna ya kuupitisha ni muhimu kuliko jina lililoandikwa juu yake. Usiupitishe sambamba na jointi. Upitishe kwa mshazari, kona kwa kona, kusudi ukingo usipate nafasi ya kudumbukia na kuchota ulichokwisha kujaza. Kila jointi ipate kupitiwa kutoka pande mbili au tatu.

Mfuko wa kukamulia, kama ule wa kupambia keki, una nafasi yake moja: mawe yenye vinyweleo na vigae visivyo na mng'aro, ambavyo grauti ikigusa uso wake haitoki. Unakamua moja kwa moja kwenye jointi bila kuchafua juu. Ni kazi ya polepole, na kwa vigae vya kawaida sioni sababu yake.

Vifaa vya kuoshea

Hapa ndipo ningependa utulie.

Sponji ya kuoshea vyombo ina kasoro tatu kwa pamoja. Ni ndogo, kwa hiyo inaingia kwenye jointi badala ya kuelea juu ya vigae viwili. Kona zake ni kali. Na upande wake wa kijani unakwaruza. Kwa kusafisha jointi moja moja nyuma ya bomba inasaidia. Kwa sakafu, hapana.

Kipande cha sponji ya godoro ni hatua mbele, na karibu kila mtaa utakipata bure kwa fundi makochi. Ukubwa unakata mwenyewe. Kikate kiwe kama tofali dogo linaloenea mkononi, kisha chukua mkasi uzungushe kona na kingo zote ziwe mviringo. Usipofanya hivyo, ukingo wa mraba utachimba jointi kama jembe. Tatizo linalobaki ni maji: sponji ya godoro inanywa mengi na ukiikamua bado inadondosha. Maji hayo yakiingia kwenye grauti mbichi huosha saruji juu ya jointi, rangi inafifia mabaka mabaka na uso unakuwa wa unga. Pia inameguka ikichakaa, kwa hiyo andaa vipande vitatu au vinne.

Sponji ya vigae yenyewe, ile nene yenye kingo za mviringo na vinyweleo vilivyoshikana, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa Dar es Salaam ukizunguka Kariakoo huikosi. Faida yake hasa ni kwamba ukiikamua inabaki na unyevu bila tone. Kama ungeniuliza kitu kimoja cha kununua kipya huku vingine vyote ukiazima, ningekuambia hiki. Nunua mbili, maana ya kwanza itajaa chembe za mchanga kabla hujamaliza.

Kwa sebule kubwa kuna ndoo maalumu yenye rola za kukamulia, pamoja na sponji pana iliyobandikwa kwenye bapa lenye mpini. Inaharakisha sana na inakamua sawasawa kila mara. Kwa bafu moja ni matumizi mabaya ya fedha. Kwa nyumba nzima, azima kwa fundi kwa siku moja.

Kisha ndoo, kitu ambacho watu hawakihesabu kama kifaa. Ndoo moja haitoshi hata kwa bafu. Weka mbili: ya kwanza ya kusuuzia uchafu mzito, ya pili ya maji safi ya mwisho. Kwa wanaonunua maji ya dumu najua hii inauma, lakini maji yaliyogeuka maziwa yanarudisha saruji uliyoiondoa na kuipaka tena juu ya vigae. Ule ukungu wangu wa siku mbili ulitokea hapo. Maji ya ndoo ya kwanza yakiwa mazito, yabadilishe, na ile ya pili ishuke kuwa ya kwanza.

Lini uanze kuosha? Hakuna dakika kamili. Mara nyingi ni kati ya 10 na 30 baada ya kupaka, lakini mchana wa Januari huku Pwani feni ikiwaka, nimewahi kuanza mapema zaidi. Gusa jointi kwa kidole: grauti ikinata kidoleni, bado; ikiwa imeshika na inabonyea kidogo tu bila kuchafua kidole, anza. Kwa sababu hiyo usipake zaidi ya mita 1 au 2 za mraba kwa mara moja. Zima feni, funga dirisha lenye jua, fanya kazi asubuhi.

Mkono wa kwanza wa sponji ni mwepesi, wa kuzungusha, ili kulegeza tu kilichoshika juu ya vigae na kulainisha jointi. Mkono wa pili ndio wa kusafisha: kamua sponji vizuri, iweke bapa, ivute kwa mshazari mara moja. Geuza upande wa pili, vuta mara moja. Suuza. Usirudie kwa upande uliokwisha tumika, hata kama unaona umebaki msafi. Mjomba ananiambia husikia kwa sauti kama mtu ana haraka: sponji inayolia chwa-chwa ina maji mengi.

Baada ya saa mbili au tatu ukungu mwembamba utajitokeza. Hapo kitambaa kikavu cha pamba kinashinda sponji yoyote. Kanga iliyochakaa ni nzuri mno kwa kazi hii, laini na haiachi nyuzi. Kanga mpya haifai kwa sababu ya wanga wake. Usikimbilie siki wala asidi ya chooni. Asidi hula saruji, na kwenye marumaru halisi huacha madoa yasiyofutika.

Kuchanganya

Hapa ulinganisho ni mfupi. Kwa kilo 1 au 2, mwiko mdogo wa mkono na beseni vinatosha na ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu unahisi uzito wa mchanganyiko. Drili yenye kijiti cha kukorogea inafaa kuanzia kilo 5, ila iende taratibu. Ikienda kasi inaingiza hewa, na hewa hiyo inakuwa vitundu kwenye jointi.

Maji tia kwanza, unga ufuate, na kipimo cha maji ni kile kilichoandikwa kwenye mfuko. Pima kwa chupa yenye alama, siyo kwa macho. Unachotafuta ni uzito kama wa dawa ya meno: ukiuchota kwa mwiko na kuugeuza, usianguke mara moja. Ukishakoroga uache utulie dakika 5 hadi 10, kisha koroga tena bila kuongeza maji. Ukianza kukaza katikati ya kazi usiuongezee maji kuufufua; utajaza jointi itakayogeuka unga. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kutumia ndani ya nusu saa. Maji ya kisima chenye chumvi yaache kwa kazi nyingine, kwani chumvi huja juu ya jointi kama unga mweupe grauti ikikauka.

Kiasi cha kununua unaweza kukipiga hesabu mwenyewe. Jumlisha urefu na upana wa kigae kwa milimita, gawanya kwa urefu mara upana, kisha zidisha kwa unene wa kigae, kwa upana wa jointi na kwa 1.6. Kigae cha milimita 300 kwa 300, unene 8, jointi 3, kinakupa kama kilo 0.26 kwa mita ya mraba. Bafu letu la mita 3 za mraba lilitaka sakafuni chini ya kilo moja. Ongeza kidogo kwa kinachopotea, na nunua yote siku moja ili rangi isitofautiane.

Kama kuna grauti ya zamani

Kupaka mpya juu ya kuukuu hakudumu. Itoe angalau nusu ya kina, na theluthi mbili ni bora. Kipande cha blade ya msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande mmoja kitakufikisha kwenye jointi chache. Msumeno wa grauti wa mkono, wenye blade fupi ya chembe ngumu, ni wa polepole lakini ndio salama kwa mtu wa nyumbani: ukiteleza unachubua kidogo tu. Mashine yenye blade inayotetemeka huku na huku ni chaguo zuri kwa anayeweza kuazima, kwa kuwa haizunguki na unaiona inapokwenda.

Grinda sikushauri. Najua mafundi wanaitumia na wanamaliza bafu kwa saa moja. Lakini kuteleza mara moja kunakata kingo za vigae viwili, na vumbi lake lina mchanga laini unaoharibu mapafu. Ukilazimika, vaa miwani na barakoa ya kuzuia vumbi hasa, siyo kitambaa. Glavu za mpira vaa hata kwa kazi ndogo kabisa ya grauti, maana saruji mbichi hubabua ngozi polepole bila wewe kujua mpaka usiku.

Kona ambapo ukuta unakutana na sakafu, au ukuta na ukuta, usijaze grauti kabisa. Pande hizo zinasogea kila moja kwa wakati wake na grauti itapasuka. Safisha, kausha, weka silikoni ya bafuni ya rangi inayofanana, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Bunduki ya silikoni ya bei ya chini inatosha.

Na yale maji meupe yaliyobaki kwenye ndoo mbili, usiyamwage kwenye bomba la bafu ulilotoka kulitengeneza. Saruji inakaza hata ndani ya maji. Yaache usiku kucha yatulie, asubuhi mwaga maji ya juu nje kwenye kokoto, na lile tope la chini lichote ukatupe na takataka za ujenzi.